Mji Niliouomba Unong'one

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi akaniambia kuna mzee anakuja kutoka Lushoto kuitembelea Tarime.

"Anakuja kwa biashara gani?" nikamuuliza.

"Hana biashara. Anataka kutembea tu. Aone soko, ale chakula chetu, jioni akae mahali pazuri anywe kitu, halafu apelekwe mpaka lango la hifadhi, pale Ikoma, akaone wanyama."

Mimi ni mzaliwa wa Tarime. Niliondoka pale kwenda chuo kikuu na nimekuwa nikirudi kila nikipata likizo, na sijawahi kukutana na mtu aliyekuja Tarime kutembea tu. Watu huja kuuza, kununua, kuanza kazi waliyohamishiwa, au kusubiri basi la Musoma. Anayetaka kutembea huenda Zanzibar.

"Huyo mzee ni nani?"

"Mjomba wa yule kijana."

Hapo nikaelewa. Yule kijana alikuwa dereva wa watalii katika hoteli moja karibu na lango la Ikoma, na alitaka kumuoa binti wa kaka yangu, ambaye alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli hiyohiyo. Kwetu binti wa kaka yangu ni binti yangu pia. Umri wake ulikuwa umesogea kuliko shangazi zake walivyopenda. Alikuwa amekataa wachumba waliotupendeza sana sisi, na huyu alikuwa wa kwanza kumpendeza yeye. Alishatuambia, kwa lugha ambayo binti hatakiwi kuitumia mbele ya baba zake, kwamba tukimharibia hili asitusikie tena tukitaja neno harusi.

"Anakuja kutuchunguza," nikasema.

"Ndiyo maana nimekupigia wewe. Mimi nikimtembeza tutagombana kabla ya chai. Wewe umesoma. Unaongea kama unasoma taarifa ya habari."

Lazima niseme jambo kuhusu sifa zetu Wakurya huko nje. Kila nilikofanya kazi, siku ya kwanza mtu huniuliza, nusu kwa utani, panga nimeliacha wapi. Chuoni niliishi kwa amani miaka yote kwa sababu hakuna aliyethubutu kunichokoza, ingawa sijawahi kushinda ugomvi hata na mbu. Na sauti zetu hazitusaidii. Wanawake wawili wa kwetu wakikutana barabarani wakaulizana hali za watoto, mgeni huanza kutafuta polisi.

Nilifikiria hayo nikapata wazo. Nasikitika kusema lilikuwa wazo la msomi. Niliona kwamba mjomba huyu anakuja akiwa tayari anatuogopa, kwa hiyo kazi yangu ni kumwonyesha Tarime tulivu. Siku moja kabla hajafika nikazunguka mjini kuandaa mambo.

Nilianza sokoni, kwa mama anayeniuzia ndizi. Mama huyu huniita Profesa, ingawa mimi si profesa na yeye anajua.

"Mama, kesho nakuja na mgeni. Naomba uongee taratibu."

"Kwani mimi naongeaje?" aliniuliza, na waendesha bodaboda waliokuwa ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Hivyo hivyo unavyoongea sasa."

"Mgeni mwenyewe mgonjwa?"

"Hapana. Ni upande wa mkwe."

"Aaa! Mkwe! Kwa nini hukusema, Profesa? Nitaongea kama malaika. Na hawa wenzangu nitawafunga midomo mwenyewe."

Kutoka hapo nikaenda kwa mwenye banda la nyama choma. Aliuliza atamwitaje mhudumu wake kama haruhusiwi kupaza sauti. Nikamwambia amwite kwa mkono. Nikamwomba pia asilete kichuri mezani. Kichuri ni mchuzi wetu mchungu unaotengenezwa kutokana na majani yaliyo tumboni mwa mbuzi au ng'ombe. Sisi tunachovya nyama humo na kufumba macho kwa raha. Niliona mtu wa Lushoto akisikia mchuzi umetoka wapi, binti yetu amekwisha. Baada ya hapo nikaenda baa, kisha kwa waendesha bodaboda wa kijiweni. Wote niliwaambia kitu kimoja: akiuliza habari za kaka yangu, semeni ni mtu mpole.

"Mpole?" mmoja akauliza. "Si ndiye yule aliyembeba refa akamtoa uwanjani?"

"Alimbeba kwa upole," nikamwambia.

Mgeni alikuwa mzee mdogo wa mwili, amevaa sweta na kofia, mkaguzi wa shule aliyestaafu. Nilipoambiwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, nilikagua vifungo vya shati langu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ndugu yangu. Poleni kwa usumbufu."

Alikuwa na adabu ya kutisha. Kila nilichomwonyesha alikisifu, na kila sifa ilifuatiwa na swali dogo. Barabara ni nzuri, je, usiku watu wanapita? Hewa ni safi, je, maji mnachota wapi? Nilianza kulipima kila swali kabla ya kulijibu. Alipouliza kama pale pana hospitali kubwa nikajiuliza, anataka kujua tunatibiwa au tunaumizana?

Sokoni tulikuta mstari mzima wa wauza ndizi, nyanya na dagaa umenyamaza kama wanafunzi walioambiwa mwalimu mkuu anakuja. Mama wa ndizi alisogea, akakunja mikono kifuani.

"Karibuni," akanong'ona. "Ndizi ni nzuri."

"Samahani mama, sikusikia," mzee akasema.

Akarudia kwa sauti ndogo zaidi. Mzee akainama, akataja bei ya kuanzia, ile ambayo kila mtu hutaja akijua itakataliwa. Mama akanitazama mimi, akameza mate, akakubali. Naamini ilikuwa mara ya kwanza katika soko lile mtu kukubali bei ya kwanza. Tulinunua ndizi, unga wa wimbi na kahawa ya milimani kwa namna hiyohiyo, na wauzaji wote walitutazama kama wanaotuaga.

"Huyu mama ana tatizo gani?" mzee akaniuliza tulipokuwa tunaondoka.

"Hana tatizo. Watu wa hapa ndivyo walivyo."

"Mh," akasema.

Nikampeleka Sirari, kwa kuwa kila mgeni wa Tarime lazima aone mpaka wa Kenya. Kule sikuwa nimeandaa mtu. Kijana mmoja Mkenya mwenye mablanketi begani alimrukia mgeni wangu kabla hajafunga mlango wa gari.

"Mzee wangu, kuja hapa! Hiyo sweta ni ya kuvaa na hiyo baridi? Shika hii. Shika tu, si lazima ununue. Aki, nani amekuambia hiyo kofia inakutosha?"

Mzee akacheka. Wakabishana bei mpaka Mkenya akaapa kwa mama yake, mzee naye akaondoka, akarudishwa kwa kuvutwa mkono, akanunua blanketi. Alirudi garini amechangamka. Niliona wivu. Nimemwandalia mji mzima, na anafurahia mtu mmoja asiyeandaliwa, tena wa nchi nyingine.

Kwenye nyama choma mambo yalizidi. Tuliagiza mbuzi. Mwenye banda alimwita mhudumu kwa mkono, mhudumu hakumwona, akapunga tena, mwishowe akaenda mwenyewe kumgusa bega.

"Nimesikia mna mchuzi mchungu," mzee akasema. "Nimeambiwa mtu asiyeula hajafika Tarime."

Mwenye banda akanitazama. Mimi nikatazama nyama.

"Leo haupo," akasema.

Kwenye meza ya pili jamaa mmoja alikuwa anachovya nyama kwenye bakuli la mchuzi wa kijani.

"Na ule ni nini?"

"Ule?" Mwenye banda alifikiri. "Ule ni wa yule."

Mzee aliendelea kula, jicho kwenye bakuli lile. Jioni nikampeleka baa yenye bustani, mahali ambapo wikendi huwezi kusikia mawazo yako mwenyewe. Muziki ulikuwa umepunguzwa mpaka tukasikia jokofu likinguruma. Mpiga litungu, ambaye hupiga zeze lile kwa nguvu mpaka mifupa ya kifua ikatetemeka, alikuwa anazigusa nyuzi kama anabembeleza mtoto. Wateja walikunywa wakitazama chini.

"Hapa mjini kuna msiba?" mzee akauliza.

"Hapana."

"Labda wa kiongozi?"

"Hapana, mzee. Ni utulivu tu."

Nilipotoka msalani nilimkuta nje, anaongea na mwendesha bodaboda. Aliponiona akaniaga, akasema amechoka, anaenda kulala. Nikambana yule kijana.

"Amekuuliza nini?"

"Ameuliza kaka yako ni mtu wa namna gani."

"Ukamjibu?"

"Kama ulivyotufundisha. Mtu mpole sana. Akaniuliza mara tatu, na mimi nikasema mpole mara tatu. Halafu akaniuliza kwa nini nasema huku naangalia huku na huku."

Nililala vibaya. Nilikuwa na uhakika kuna mtu amemwambia kitu, ila sikujua nani wala nini. Nikaanza kuwashuku watu wangu mwenyewe, mmoja mmoja.

Kesho yake tuliondoka kwenda Ikoma. Tulipofika Nyangoto tukasimama kununua soda. Pale watu wanaishi jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu, na mgeni akishuka kwenye gari safi hufikiriwa ni mthamini wa ardhi. Habari ikienea kwamba eneo fulani litachukuliwa, wapo wanaowahi kupanda miti na kuinua vibanda ili fidia iongezeke. Wenyewe huita kutegesha. Mwanamke mwenye duka alitutazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kofia ya mzee.

"Nyie ni wa tathmini?" akauliza kwa sauti ya kwetu kabisa.

"Hapana, mama," mzee akajibu.

"Mbona umevaa sweta kama wa tathmini? Mkija kupima semeni mnapima. Msije mkanywa soda hapa halafu kesho nikute alama kwenye ukuta wangu."

"Mimi ni mstaafu. Natembea tu."

"Natembea tu!" Mwanamke akacheka mpaka akashika kaunta. "Nyangoto! Baba, sema kweli yako. Nani anatembea tu Nyangoto?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimharakisha mzee garini na kuanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Usiombe radhi. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia anachofikiri tangu nifike kwenu." Alifunga mkanda wake polepole. "Ndugu yangu, sasa na mimi nikuulize usoni. Mnaficha nini?"

"Hatufichi kitu."

"Soko zima limenyamaza. Mwenye nyama ananificha mchuzi ninaouona. Vijana wananiambia kaka yako ni mpole, wote kwa maneno yaleyale. Nimekagua shule maisha yangu yote. Darasa likijibu pamoja bila kukosea, najua limefundishwa jibu usiku." Alirekebisha kofia yake. "Nitamwambia mpwa wangu asubiri. Sisemi aache. Nasema asubiri mpaka nijue kuna nini kwenye nyumba ile."

Niliendesha gari nikiwa nimeshika usukani kama nimeshika binti wa watu anayeteleza. Kusubiri ni neno tunalolijua sote. Uchumba mwingi umefia kwenye neno hilo bila hata mtu kukosana. Tulipita Mugumu. Mbele kidogo pundamilia walikuwa wanakula majani karibu na barabara, mzee akasema ni wazuri. Nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu ya utalii.

Binti yetu alitukuta nje ya hoteli, wakati wa mapumziko yake, amevaa sare. Yule kijana alikuwa porini na watalii.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo baba mdogo. Mmeionaje Tarime, mjomba?"

"Nzuri. Mji mtulivu sana."

"Tarime?"

"Watu wananong'ona tu."

Binti alinigeukia. Kazini huongea na wageni kwa sauti ya chini, sauti ya mapokezi, lakini ile iliyotoka pale alikuwa ameirithi kwa mama yake.

"Baba mdogo, umewafanya nini watu?"

Watalii waliokuwa kwenye ngazi walisimama. Mlinzi wa geti alitoka kibandani. Sikuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo nikasema yote mbele ya mgeni: mama wa ndizi, kichuri, litungu, bodaboda. Niliposimulia habari ya upole wa kaka yangu, binti aliziba uso kwa mikono.

"Kwa nini?"

"Nilitaka asituogope."

"Sasa amekuogopa wewe!"

Mzee akakaa kwenye benchi, akavua kofia. Alituambia kwamba alimwoza binti yake katika nyumba iliyosifiwa na majirani wote. Yeye mwenyewe aliuliza nyumba kwa nyumba, na kila mmoja akamjibu kwa sauti ya chini kwamba ni watu wapole. Baadaye binti akarudi nyumbani usiku na mkono umevunjika. Majirani walipoulizwa upya wakasema walikuwa wanajua, ila hawakutaka kuharibu ndoa ya watu.

"Kwa hiyo nikisikia sifa za kunong'ona," akasema, "masikio yangu yanauma."

Binti ndiye aliyetoa simu yake, akampigia baba yake, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Kwa kaka yangu hilo halikuwa na haja.

"Baba, baba mdogo amewaambia watu wa Tarime wanong'one, na waseme wewe ni mpole."

"NANI MPOLE?"

Ndege waliruka kwenye mti. Kaka yangu alitaka kujua nilikuwa nasoma nini chuoni miaka yote ile na nani aliyenituma kumtangaza kama maiti. Akasema alimbeba yule refa kwa sababu alikula rushwa, na angembeba tena hata leo. Akaniita "wewe mura," kama kijana aliyetoka jandoni juzi, mimi mwenye mvi. Mwisho akasema apewe mgeni.

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi napiga kelele, hilo uliandike moyoni. Mke wangu naye anapiga kelele kunizidi. Tumekaa wote tangu ujana, na hajawahi kuondoka nyumbani kwangu kwa kupigwa. Usimuulize mdogo wangu. Rudi Tarime umuulize mke wangu mwenyewe, mimi nitatoka nje. Ukiona anaogopa kujibu, mwambie mpwa wako aache."

"Nitafanya hivyo," mzee akasema. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo.

Nilidhani tumepona. Nikaanza hata kutabasamu. Lakini binti yetu alikuwa bado amesimama mbele ya lile benchi.

"Mjomba, wewe umekuja kutuangalia sisi. Ni sawa. Na mimi nani ataniangalizia Lushoto?"

"Uliza chochote, mwanangu. Nitakujibu."

"Wewe ni mjomba wake. Utanijibu kama bodaboda wa baba mdogo."

Mzee akairudisha kofia kichwani. Mimi, kwa haraka ya mtu anayetaka kulipia makosa, nikasema nitaenda Lushoto mwenyewe.

"Wewe hapana, baba mdogo," akasema, bila hasira, kama anavyomwambia mgeni kwamba chumba kimejaa. "Ataenda mama. Na mpaka arudi, hakuna posa."

Ndivyo shemeji yangu, ambaye hajawahi kumnong'oneza mtu hata kanisani, alivyopanda basi kwenda Lushoto, baada ya kumjibu mzee maswali yake yote, kaka akiwa nje, mpaka mzee akaridhika. Tulikaa siku kadhaa tukisubiri, na nilijua kwamba binti akisema hapana safari hii, lawama zote zitakuja kwangu. Siku aliyopiga simu tulikuwa nyumbani kwa kaka, na binti, aliyekuwa amekuja kwa likizo fupi, ndiye aliyepokea.

"Huku watu wanaongea kama wanaumwa!" shemeji alianza, na sote tukamsikia. "Na wana heshima mpaka inachosha. Nimepita kwa majirani. Wa kwanza kawasifia, nikaondoka. Wa pili kawasifia, nikaondoka. Wa tatu ni mama mmoja anachuma chai, nimemkuta shambani nikamwita kutoka barabarani, akakasirika akaniambia mimi ni mpiga kelele. Nikajua huyu ndiye. Tumekaa mpaka jioni."

"Kasemaje?" binti akauliza.

"Baba wa kijana ni mbishi, anagombana na ndugu zake kwa mpaka wa shamba, na ni bahili wa chumvi. Kijana aliwahi kutoroka shule akafanye utingo wa lori. Mama mkwe wako anapenda kuamrisha jikoni, utagombana naye, jiandae. Lakini mkono hawainui. Yule mama kaniapia, na binti wa mjomba, yule aliyerudi na mkono umevunjika, amenieleza mwenyewe. Nimemwona. Ndiye aliyenipikia."

Binti aliihamisha simu kwenye sikio la pili. Sisi tulimtazama kwa hofu, wazee watu wazima tumebanana kwenye kochi.

"Jikoni nitagombana naye vizuri tu," alisema mwishowe. "Mama, waambie waje kuposa. Na waambie baba atawapokea kwa sauti yake."